Jinsi ya kupata ripoti ya polisi na karatasi za kukamatwa hapa Texas, hata kama kesi ilifutwa

Kila mwaka napigiwa simu na watu wawili watatu, na stori ni ile ile. Jamaa alikamatwa zamani, labda ugomvi wa maegesho ya magari, labda aliendesha bila leseni, akalala jela usiku mmoja, kesi ikafutwa, akasahau. Miaka inapita, sasa anajaza fomu N-400 ya uraia, anakuta swali kama amewahi kukamatwa, anataka aandike hapana, kwa sababu "si kesi ilifutwa?" Ndugu yangu, usiandike hapana. Wanauliza kukamatwa, hawaulizi kufungwa tu, na USCIS, yaani idara ya uhamiaji na uraia, watataka waone karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje. Kwa hiyo lazima ukaitafute, na hapo ndo watu wanapotea, maana wanaenda kituo cha polisi wanakaa foleni masaa mawili kuomba kitu ambacho polisi hawana.

Mimi siyo wakili. Ila hizi karatasi nimeshawasaidia watu kuzifuata mara nyingi, nakuandikia jinsi mambo yanavyoenda huku Texas, majimbo mengine nitayagusa mwishoni.

Kwanza ujue hakuna faili moja lenye jina lako. Kuna milango mitatu. Polisi wa mji wana ripoti ya tukio, ile aliyoandika askari siku ile, na ripoti ya kukamatwa. Jela ya kaunti, ambayo iko chini ya sherifu, ina rekodi ya kuingia na kutoka: picha, alama za vidole, saa uliyoingizwa, dhamana. Halafu mahakama ndo wana karatasi ya hitimisho, yaani umehukumiwa, umefutiwa, au vipi. Hiyo ya mahakama wanaiita disposishoni, na kwa mambo ya uraia ndo kubwa kuliko zote, tena waambie unataka yenye muhuri wa karani, fotokopi ya kawaida itakurudisha tena kule kule.

Ya mahakama hauombi kwa barua ya polisi wala kwa sheria ninayoielezea hapa chini, hiyo sheria haigusi rekodi za mahakama. Unaenda kwa karani. Makosa makubwa yako kwa karani wa distrikti, makosa ya kati kwa karani wa kaunti, tiketi na vile vya faini tu viko mahakama ya mji au ya hakimu wa amani, wale wanaoitwa JP. Kaunti zinatofautiana kidogo, Harris kwa mfano karani wa distrikti ndo anashika makosa makubwa na ya kati pamoja, so piga simu kwanza kabla ya kuchoma mafuta.

Sasa jina. Hapa sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaumia kweli. Mtu ana majina matatu, la kwake, la baba, la babu, askari usiku kachoka anaandika la pili kama la kwanza. Ramadhani anaandikwa Ramazani, au kinyume chake, Mwajuma anakuwa "Mwa" kwenye boksi moja na "Juma" kwenye boksi lingine. Na waliokuja kama wakimbizi wengi wana tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kwa hiyo kwenye kompyuta ya karani unaweza kukuta watu wanafanana jina na tarehe vile vile. Andika pembeni kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa, nenda nayo, mwambie atafute zote. Akikwambia "hakuna kitu" mara ya kwanza usiondoke, mpe la pili. Jamaa mmoja niliyemsindikiza aliambiwa hana rekodi yoyote, akafurahi kweli, nikamwambia ngoja, tukageuza majina, ikatoka.

Kama unayo namba ya kesi, umemaliza nusu ya kazi. Bongo tunasema RB, Kenya wanasema OB, huku ni namba ya kesi au ya insidenti, iko kwenye ile karatasi ya njano au nyeupe uliyopewa ukitoka jela. Hauna? Tumia tarehe na mahali.

Tuje kwenye barua ya polisi na sherifu. Watu wanaitaja FOIA, sheria ya kuomba taarifa za serikali, kwa sababu wameisikia kwenye TV, lakini ile ni ya serikali kuu, FBI na wenzake, polisi wa mji haiwahusu. Texas ina yake, Texas Public Information Act, iko kwenye Government Code sura ya 552. Hauhitaji kuwa raia, hauhitaji wakili, na hawaruhusiwi kukuuliza unaitaka ya nini. Hiyo ya mwisho huwa nairudia kwa wazee wetu, maana tumezoea kituoni uende na mtu anayejulikana na maelezo marefu, huku ukieleza sana ndo unajichanganya. Kitu kimoja, mtu aliye jela akiandika mwenyewe ofisi hailazimiki kumjibu, na hata ndugu akiandika kwa niaba yake wanaweza kukataa, so wakili wake ndo aandike.

Iandikwe, usiombe kwa mdomo. Na angalia tovuti yao inasema itumwe wapi, ofisi ikishatangaza anwani moja ya posta na emaili moja ya maombi, ukituma kwingine haihesabiki hata kama askari mwenyewe kaipokea. Miji mikubwa ina fomu ya mtandaoni, hiyo ndo rahisi maana inakupa namba ya kufuatilia.

Sheria inakupa karatasi zilizopo. Haimlazimishi mtu kukujibu maswali. Ukiandika "kwa nini mlimkamata mdogo wangu" utarudishiwa hivyo hivyo. Andika hivi, halafu mtoto wa shule akuwekee kwa Kiingereza:

"Kwa sheria ya Texas ya taarifa za umma, sura ya 552, naomba nakala za rekodi hizi: ripoti ya tukio na ripoti ya kukamatwa, namba ya kesi kadhaa, tarehe kadhaa, mtaa fulani kona na mtaa fulani, aliyekamatwa ni fulani, jina linaweza pia kuandikwa hivi na hivi, kazaliwa tarehe kadhaa. Kama kuna sehemu hamwezi kutoa, naomba angalau taarifa za msingi. Nitumieni kwa emaili. Gharama ikizidi dola 40 niambieni kwanza."

Basi. Hakuna kulia, hakuna salamu ndefu. Usiombe "kila kitu mlicho nacho kuhusu mimi" maana wataandika kukuuliza unamaanisha nini, na ukikaa siku 61 bila kujibu wanahesabu umeacha. Gharama huwa ndogo, ukurasa wa kawaida senti 10, ila kazi ya kutafuta ikiwa kubwa wanaweza kuchaji dola 15 kwa saa. Ikipita dola 40 wanatakiwa wakutumie makadirio kwanza, na hayo nayo ujibu ndani ya siku 10 za kazi. Mimi nasema fungua emaili kila asubuhi mpaka liishe, na angalia spamu.

Ukishatuma wana siku 10 za kazi. Ndani ya hizo wakupe, au kama wanataka kuficha kitu waandike kwa mwanasheria mkuu wa jimbo kuomba ruhusa, na wewe wakupe taarifa. Ile barua inatisha, ina kurasa nyingi na namba za vifungu, watu wanafikiri wameshtakiwa upya. Hapana. Ni wao wanaomba ruhusa ya kukunyima. Mwanasheria mkuu anapewa siku 45 za kazi kuamua, na wewe una haki ya kumwandikia maoni yako pia.

Na hapa kuna kichekesho kimoja kibaya. Kifungu 552.108 kinaruhusu polisi kuficha faili la uchunguzi ulioisha bila mtu kuhukumiwa wala kupewa ile hukumu ya kusimamishwa, yaani deferred adjudication. Yaani kesi yako kufutwa, ambayo kwako ni habari njema, ndo sababu wanaweza kukunyima maelezo ya askari! Ila taarifa za msingi za kukamatwa hawawezi kuzificha kwa kifungu hicho: nani kakamatwa, lini, wapi, kosa gani, askari gani, maelezo ya tukio lenyewe. Ndo maana nikasema uitaje kwenye barua. Na ukinyimwa kwa polisi usikate tamaa, karatasi ya karani haihusiani na kifungu hicho, iko pale pale inakusubiri.

Video ya kamera ya kifuani ina masharti yake, lazima utaje tarehe na saa ya kukadiria, mahali penyewe, na jina la angalau mtu mmoja aliyehusika. Ukikosa kimoja hawakupi. Ripoti ya ajali ya gari usiitumie barua hii kabisa, ni dola 6 kwenye tovuti ya TxDOT, idara ya barabara ya jimbo, unamaliza kwa simu. Na kama haukumbuki hata ulikamatwa mji gani (wapo, usicheke) omba historia yako FBI kwa alama za vidole, dola 18, ikishakuonyesha kaunti ndo unaanza huku.

Kuna wanaotaka kufuta kabisa rekodi, kwa Kiingereza expunction, na wakili mzuri atakusaidia, ila kabla jaji hajasaini chukua nakala zenye muhuri, mbili tatu, weka nyumbani. Ikishafutwa karani hana cha kukupa, na USCIS bado wanauliza hata ya iliyofutwa. Nimeshamuona mtu akihangaika kuthibitisha kitu ambacho serikali yenyewe imeshachana.

Walio majimbo mengine: Ohio haulazimiki kuandika wala kutaja jina lako, ingawa mimi ningeandika tu ili nipate ushahidi. Illinois na Washington wana siku 5 za kazi kukujibu. Kentucky na Tennessee sheria yao ni ya wakazi wa jimbo, so kama ulikamatwa Nashville na sasa unaishi Dallas tafuta ndugu wa kule akuombee. Mwambie aandike yale majina yote matatu.