Kioo Kimegeuka Rangi? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Mwalimu mmoja wa skuli Chake Chake alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Laptopu yake imegeuka kijivu tupu. Alama za wanafunzi alizozipaka nyekundu kwenye Excel, picha za familia, hata alama ya Chrome, vyote kama gazeti lililolowa. Fundi wa mtaani kwao keshamwambia kioo kimekufa, na yeye keshakata tiketi ya boti ya kuja Unguja.

"Maalim," nikamwambia, "kabla hujapanda boti, piga picha ya skrini unitumie kwa WhatsApp."

Picha ikaingia kwenye simu yangu. Nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani. Nikamwambia abonyeze kitufe cha Windows, Ctrl na C kwa pamoja. Kikapita kimya, halafu nikasikia anacheka. Mwanawe alikuwa akichezea vitufe mchana kutwa.

Natengeneza kompyuta hapa mjini, si mbali na Darajani, na kesi za rangi ni miongoni mwa zile zinazowagharimu watu pesa bure. Dawa wanayopewa ni moja: piga Windows upya, yaani ifutwe na kuwekwa tena. Mtu anapoteza siku nzima, pengine na mafaili yake, halafu rangi inarudi vilevile kwa kuwa ubovu ulikuwa kwenye waya. Hatua hizi ni za Windows 10 na 11, na ndizo ninazozifuata mwenyewe. Nitazitaja amri na majina ya mipangilio kwa Kiingereza pale unapotakiwa kuyaandika, maana ndivyo yanavyosomeka kwenye mashine za wengi wetu.

Hatua ya 1: Jua rangi inaharibikia wapi

Windows huchora kwanza kila kitu kwenye kumbukumbu: madirisha, maandishi, mandhari, ile tunayoiita thimu. Baada ya hapo kuna vichujio vinavyoweza kutia rangi au kuitoa. Kisha kadi ya picha inaisukuma picha kwenye waya, na waya unaifikisha kwenye kioo. Picha ya skrini huchukuliwa mwanzoni mwa safari hiyo, kabla ya vichujio, waya na kioo. Ndiyo maana ile ya Maalim ilifika kwangu nzima.

Basi bonyeza Windows na Print Screen kwa pamoja. Picha itajihifadhi kwenye folda ya picha, ndani ya Screenshots. Itume kwenye simu, uitazame huko. Usiifungue kwenye kompyuta hiyohiyo. Itapita kwenye kichujio kilekile na utaona ubovu uleule, na jaribio lote litakuwa halina maana. Nasisitiza kwa sababu kila wiki yupo anayeniambia "nimeshapiga picha, na yenyewe mbovu", kumbe ameitazama palepale.

Ikiwa kwenye simu picha ni nzuri, endelea na hatua ya 2. Ikiwa na huko imeharibika, ruka hadi hatua ya 5, isipokuwa ubovu ukiwa kwenye programu ya kutazamia picha tu: hapo soma kwanza habari ya profaili ya rangi kwenye hatua ya 2.

Hatua ya 2: Vichujio

Bonyeza kitufe cha Windows, andika *color filters*, fungua. Kikiwa kimewashwa, kizime. Hapohapo kuna swichi ya njia ya mkato ya kibodi, yaani Windows, Ctrl na C. Kama nyumbani kuna mtoto, izime na hiyo.

Kisha andika *night light*. Hiki ni kichujio kinachopunguza buluu wakati wa usiku, na kimo ndani ya Windows tangu 2017. Kikiwaka, nyeupe inakuwa kama tui lililodondokewa na bizari. Balaa lake ni kwamba kinaweza kupangwa kijiwashe jua linapokuchwa na kijizime linapochomoza. Kwetu hapa jua huchwa saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, kwa hiyo ukikaa kwenye kompyuta baada ya Magharibi, umo ndani yake bila kujijua.

Nina mteja, dada mmoja anayetengeneza kadi za harusi. Mchana ana watoto, kazi anaifanya usiku. Akawa anaona kadi zake zimepiga umanjano, anaongeza buluu kidogo. Bado. Anaongeza tena. Kwenye skrini yake ikaja nyeupe safi, akapeleka kuchapisha kadi mia tatu, zikatoka na ubuluu wa maziwa yaliyotiwa maji. Aliyechapisha akalaumiwa bure. Mimi nilimwomba tu anifungulie ile kazi saa nne asubuhi, akaona mwenyewe. Anayefanya kazi ya rangi, ya kadi, nguo au picha, akizime kabisa. Akague pia kama hakuna programu nyengine ya namna hiyo, mfano f.lux, au ile ya "kulinda macho" inayokuja na laptopu kutoka kiwandani. Zikiwaka mbili kwa pamoja utadhani taa ya chemli.

Kichujio cha tatu hakina swichi ya wazi: ni profaili ya rangi, faili dogo linaloieleza Windows jinsi kioo chako kinavyoonyesha rangi. Ikiwekwa isiyokuwa yake, picha hupiga njano au waridi, hasa kwenye programu ya kutazamia picha. Bonyeza Windows na R, andika *colorcpl*, bonyeza Enter. Chagua skrini yako pale juu, weka tiki kwenye kile kisanduku cha kutumia mipangilio yako, kisha iondoe ile profaili iliyowekwa. Zima kompyuta, uiwashe tena.

Na ikiwa rangi zimepauka tu, kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima, na skrini yako ni ya kisasa, bonyeza Windows, Alt na B. Hiyo huwasha na kuzima HDR, ile hali ya kupanua mwanga na rangi za skrini.

Hatua ya 3: Waya na kioo

Zima kompyuta. Iwashe na uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya kompyuta yenyewe, kwa F2, F10, Esc au Del kutegemea na mtengenezaji. Pale Windows bado haijaamka. Rangi ikiwa mbovu na hapo, Windows haina kosa, usiiguse.

Baada ya hapo unganisha televisheni au skrini nyengine. Ya nje ikiwa nzuri na ya laptopu mbovu, tatizo ni kioo au ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Ufungue na kuufunga mfuniko taratibu. Rangi ikibadilika au mistari ikija na kuondoka unaposogeza, ni waya. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa waya ni rahisi kuliko kioo, na mara nyengine umelegea tu. Zote mbili zikiwa mbovu, kuna vidoti vya rangi vilivyotapakaa, na BIOS nayo hivyohivyo, hapo kadi ya picha inaumwa. Mlete kwa fundi mgonjwa huyo, na usimkubalie anayesema ataichoma kwa moto wa hewa ipone. Hupona wiki chache, halafu hufa.

Kompyuta za mezani za maofisini na projekta za skuli bado zinatumia VGA, kile kichwa cha buluu chenye pini 15 na skurubu mbili, na hapa ndipo kisiwa chetu kinapokuwa na neno lake. Hewa yetu ina chumvi, na wakati wa masika unyevu hauondoki ndani ya nyumba. Pini zinashika kutu ya kijani. Kwenye VGA kila rangi ina pini yake: ya kwanza ni nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Kwa hiyo kioo kinakwambia chenyewe kipi kimekatika. Kikigeuka samawati ya bahari, nyekundu haifiki. Kikiwa zambarau inayoelekea waridi, imepotea kijani. Kikiwa manjano, imepotea buluu. Ofisi moja niliyoitwa walikuwa wameshapanga kununua skrini mpya sita. Nne kati ya zile za zamani nilizitibu kwa mswaki mkavu na spiriti inayokauka haraka.

Zima vyote, chomoa, sugua pini polepole, hakikisha hakuna iliyopinda au kuzama ndani, acha vikauke, chomeka na ufunge skurubu. Wengi hawafungi skurubu. Waya unaning'inia, kila anayepita anaugusa kwa goti.

Kuhusu HDMI kwenye televisheni neno ni moja: nyeusi ikionekana kijivu, televisheni na kompyuta hazikubaliani. Kompyuta inatuma rangi kutoka 16 hadi 235, na televisheni inasubiri 0 hadi 255. Ingia kwenye programu ya kadi yako ya picha, tafuta sehemu ya upana wa rangi, jaribu ile nyengine.

Hatua ya 4: Draiva

BIOS nzuri, waya mzima, vichujio vimezimwa, na bado? Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, huenda utasikia mlio mfupi. Umeiamsha upya draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, na hakuna faili litakalofungika.

Ikiwa ubovu ulianza baada ya Windows kujisasisha, bonyeza Windows na X, ingia Device Manager, fungua kadi ya picha, kwenye ukurasa wa draiva bonyeza Roll Back Driver urudi kwenye ile ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Pakua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mkupuo mmoja sizitaki hata kuzisikia.

Hatua ya 5: Mandhari yenyewe

Hapa umefika kwa sababu picha ya skrini nayo imeharibika.

Kila kitu cheusi, maandishi ya manjano na kijani yanawaka kama taa za harusini? Umewasha utofautishaji wa juu, ule uliowekwa kwa wenye uoni hafifu. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja huuwasha, na hivyohivyo huuzima.

Nusu nyeusi nusu nyeupe: andika *color settings*, tazama pale pa kuchagua mwanga au giza. Windows ina uchaguzi wake na programu zina wao, na mtu anaweza kuwa ameuweka mmoja huku na mwengine kule. Chagua mmoja kwa vyote. Ukitaka upau wa chini upakwe rangi yako na swichi yake imefifia, ni kwa sababu uko kwenye hali ya mwanga. Inafunguka ukiingia kwenye giza.

Uangavu wa upau wa chini, ule unaokuwezesha kuona kilicho nyuma yake, umepotea ghafla? Tazama betri kabla ya kitu chochote. Hali ya kuokoa betri inauzima uangavu huo. Umeme ukikatika mtaani, simu zinanijia kwa hili.

Mipangilio yote ya mandhari imefungwa, na pembeni chini kulia kuna maandishi ya kufifia? Windows yako haijaamilishwa kwa leseni. Hakuna ujanja wa rangi utakaokusaidia hapo.

Alama za folda zimekuwa na miraba myeusi nyuma yake: bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta Windows Explorer kwenye orodha, ibonyeze kulia, chagua Restart. Mandhari iliyokwama hupona hivyohivyo mara nyingi. Ikigoma, weka mandhari nyengine yoyote iliyokuja na Windows, subiri kidogo, rudisha yako. Ziko video zitakazokupeleka kwenye rejista, ghala la mipangilio ya ndani ya Windows, kwa tatizo hili. Usiende.

Ikishindikana, fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyohiyo na uingie nayo. Rangi zikiwa sawa huko, Windows ni nzima, iliyoharibika ni akaunti yako. Hamisha mafaili yako uendelee na mpya. Zikiwa mbovu na huko, bonyeza kitufe cha Windows, andika *cmd*, lile dirisha la kuandikia amri, ibonyeze kulia uifungue kama msimamizi, kisha andika amri hizi mbili, moja baada ya nyengine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza hupakua mafaili mazima kutoka mtandaoni, kwa hiyo hakikisha una bando la kutosha na laptopu iko kwenye chaji. Inaweza kuganda kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu. Iache, kanywe chai.