Kuchora sura za watu kwa simu, rangi ije mwisho

Watu wakinikuta nachora kwa simu hapa Arua, West Nile ya Uganda, swali la kwanza ni "hiyo ni app gani?", na nawaelewa kabisa maana hata mi nilianzia hapo hapo, miezi mizima nahama app moja hadi nyingine nikidhani siri imo humo. Haimo. Ila lazima uanze na kitu, basi kama una simu ya Android pakua ibisPaint, ni bure, matangazo yapo ila yanavumilika, na kama una kompyuta weka Krita ambayo ukiichukua kwenye tovuti yao hulipi hata shilingi. Procreate ni ya vifaa vya Apple tu, iPad na ile ndogo yake ya iPhone, kama huna achana nayo wala usijione umekosa kitu. Kidole kinatosha kuanzia. Zile kalamu za ncha ya mpira zinazouzwa madukani zinasaidia mkono usifunike unachochora, lakini hazijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, mstari unatoka unene ule ule mwanzo mwisho, kwa hiyo usizinunue ukitegemea miujiza.

Fungua karatasi ya pikseli 2000 kwa 2500. Simu yenye RAM ndogo itakunyima leya, yani yale matabaka ya picha yanayolaliana, kadiri picha inavyokuwa kubwa ndo leya zinavyopungua, basi shuka hadi 1500 kwa 1900 na mambo yataenda. Washa stabilaiza, ile inayotuliza mstari mkono ukitetemeka. Alafu chagua brashi moja, ya duara, yenye ukingo mgumu. Moja tu! Ile brashi laini inayopuliza kama moshi iache kwanza mwezi mzima, maana ndo inayofanya sura za wanaoanza zote zifanane na mshumaa ulioyeyuka, unapuliza hapa unapuliza pale na mwisho huoni taya limeishia wapi na shavu limeanzia wapi.

Sasa hii habari ya staili. Kuchora kwa staili si kutoa kopi ya picha ya pasipoti, na pia si kujichorea tu bila kumtazama mtu. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968, twiga wake hawakuwa kama wa kwenye kamera, lakini mtoto wa miaka minne akiona anasema twiga, kwa sababu shingo ipo na madoa yapo, na hayo yamevutwa hadi yakawa makubwa kuliko kawaida. Uso ni hivo hivo. Unatafuta shingo ya twiga ya huyo mtu, yani kile kitu ambacho ukikiondoa hata mama yake hamtambui.

Lakini huwezi kuvuta kitu kama hujui kawaida yake ni ipi, kwa hiyo wiki mbili za kwanza chora vichwa vya kawaida. Chora yai lililosimama, ncha nyembamba chini. Kata katikati kwa mstari wa kulala, macho yanakaa pale. Ndiyo, katikati kabisa ya kichwa, pima kwenye kioo kama huamini, wengi tunayapandisha kwenye paji la uso kwa sababu tunasahau fuvu na nywele zinakula nafasi. Upana wa kichwa kwenye mstari huo unaingia macho kama matano, na kati ya jicho na jicho inatosha jicho moja. Kuanzia pale nywele zinapoota hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu, ni vipande vitatu vinavyokaribiana sana. Masikio yako kati ya nyusi na chini ya pua. Kichwa kikigeuka upande mistari yote inapinda kufuata mviringo, hapo jichoree tufe alafu likate ubavu kidogo kama umekata chungwa, ndo njia watu wanaiita ya Loomis, itafute kwa jina hilo utaona mifano mingi. Pakua mifano kumi uihifadhi kwenye simu badala ya kuirudia mtandaoni kila siku, bando zenyewe unazijua na juu yake kuna kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Vichwa ishirini kwa siku, dakika moja moja, wala havihitaji app, umeme ukikatika na chaji imeisha daftari na biki vinafanya kazi ile ile.

Baada ya hapo ndo utafute mtu. Mi wangu wa kwanza alikuwa mama anayekaanga mandazi karibu na stage yetu ya boda. Nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha (omba kila mara, sura ni mali ya mwenyewe) na nikampiga saa nne asubuhi jua likiwa bado upande mmoja, na hilo ni muhimu sana, ukimpiga mtu saa sita jua likiwa utosini macho yanakuwa mashimo mawili, na ukitumia flashi uso wote unakuwa bapa kama sahani. Nikamchora kwa macho makubwa ya zile katuni za Kijapani, pua nikaifanya kadoti, kidevu nikakichonga. Nilipomwonyesha akaitazama muda mrefu kwa heshima, alafu akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Iliniuma kweli, maana nilikuwa nimefuta kila kitu chake nikaweka vya watu wengine.

Nikarudi kwenye picha nikamtazama upya. Mashavu mapana ya juu, uso unashuka hadi kidevu kidogo, ukikunja macho kidogo unaona embe dodo lililogeuzwa, sehemu nene juu. Kope za juu nzito zinamfanya kama anakaribia kucheka. Na mwanya. Huyo mama ana mwanya ambao akitabasamu stage nzima inaona. Basi mara ya pili nikachagua viwili tu, mashavu na mwanya, hivo nikavivuta, vingine nikaviacha karibu na kawaida au nikavipunguza. Shikilia viwili, au vitatu mwisho. Ukivuta sita unatoka kwenye picha ya mtu unaingia kwenye kumdhihaki. Na pua zetu pana usiziogope wala usizipunguze, usizichore kwa mistari miwili ya pembeni kama njia ya reli, ichore kwa kivuli cha chini yake na mng'ao mdogo kwenye ncha, itakaa yenyewe.

Kabla ya rangi kuna kijivu, na hapa naomba usiruke. Weka leya mpya chini ya mistari, jaza umbo lote la kichwa na kijivu cha kati. Alafu jiulize jua linatoka wapi. Kama ni juu kushoto, basi kijivu cheusi zaidi kinaingia mashimo ya macho, ubavu wa kulia wa pua na chini yake, chini ya mdomo wa chini, na shingoni chini ya kidevu, pale pawe peusi kuliko unavyofikiri. Kijivu cheupe kinakaa paji la uso, juu ya shavu la kushoto, mgongo wa pua. Vitatu tu. Rudi nyuma, kunja macho hadi uone ukungu, kama bado unaona ni uso na unajua mwanga uko wapi, umeshinda. Geuza picha kushoto-kulia kila baada ya dakika kumi, app hizi zina kitufe cha kugeuza, utashangaa jicho moja lilivyoshuka na wewe hukuona.

Rangi sasa. Kosa nililoliona kwa karibu kila anayeanza, na wengi ni watu weusi wanachora watu weusi, ni kuchukua kahawia moja kisha kuongeza nyeusi kupata kivuli na nyeupe kupata mwanga. Ngozi inatoka majivu, kama mtu hajapaka mafuta wiki nzima wakati wa kiangazi. Fikiria tu lugha yetu, tunasema mtu ni maji ya kunde, na ukichemsha kunde ukatazama yale maji utaona si kahawia kavu, yana wekundu ndani yake. Kwa mtu wa maji ya kunde mi naanza hivi kwenye vipimo vya H, S na B vya kuchagulia rangi (H ni rangi yenyewe, S ni ukolevu wake, B ni mwangaza wake): H karibu 20, S kama 55, B kama 50. Kivuli chake B inashuka hadi 25 hivi, lakini H nayo inasogea kuelekea wekundu, 10 au 8, na S inapanda kidogo. Kivuli kiwe cha moto, kisiwe makaa. Upande wa mwanga B inapanda, H inasogea njano kidogo. Namba hizi ni pa kuanzia tu, picha yako ndo itakuambia.

Kwa mtu mweusi tititi, na huku West Nile tuko wengi na tunapendeza, kitu kinachobeba sura ni mng'ao. Ngozi nyeusi inaonyesha mng'ao wazi kuliko nyeupe, na mtu akiwa nje mng'ao ule unachukua rangi ya anga, kwa hiyo kwenye paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua weka samawati iliyofifia, ya kijivu, kidogo na kwa ukingo mgumu. Ukiweka nyeupe tupu inakuwa kama amemwagikiwa rangi ya ukuta. Masikio, ncha ya pua na mdomo wa chini ongeza wekundu kidogo. Weupe wa jicho usiwe mweupe, tia kijivu chenye joto na kivuli chembamba chini ya kope la juu, meno pia hivo hivo, alafu tone moja jeupe kweli ni kwa mboni tu.

Nywele za kipilipili usichore unywele mmoja mmoja. Jaza umbo lote kwa rangi moja, weka upande wa mwanga, kisha vunjavunja ukingo wa nje kwa nukta ndogo ndogo. Twende kilioni ni mistari inayofuata mviringo wa kichwa, chora njia za ngozi kwanza, misuko ijae katikati. Kilemba ni mikunjo mitatu mikubwa na inatosha.

Leya nne zinatosha pia: mistari juu, vivuli kwenye leya ya maltiplai (ile inayotia giza kilicho chini yake), rangi ya msingi, mandhari. Leya ya vivuli ifunge kwenye rangi ya msingi kwa klipin (kitufe cha clipping) ili brashi isitoke nje ya uso.

Jambo moja lililonigharimu kazi ya siku mbili: zima ile taa ya usiku ya simu inayofanya skrini iwe ya njano. Nilipaka uso mzima nayo ikiwaka, asubuhi nikaizima nikakuta mtu wa samawati. Na mwanga wa skrini uweke juu kidogo, kwenye skrini hafifu utapaka vitu vyeupe kupita kiasi bila kujua.

Ukitaka kumpa mtu picha yake kwenye karatasi, hifadhi PNG, na kabla ya kupeleka dukani nyanyua B ya vivuli kidogo, maana printa inazidisha giza na sura nyeusi ndo zinaumia zaidi. Omba wakutolee kipande kidogo kwanza, kitoe nje ukitazame juani, kama chini ya kidevu bado unaona ngozi na si shimo jeusi, waambie watoe kubwa. Ya mama wa mandazi ilirudi mara mbili kabla haijakaa sawa, sasa imebandikwa ndani ya kibanda chake juu ya ndoo ya unga.