Fomu ikikuuliza lugha ya nyumbani, usione haya

Niko Tanga likizo, wiki ya pili sasa, na kila baada ya magharibi baraza ya shangazi pale Ngamiani haikosi mgeni mwenye bahasha ya kaki. Juzi alikuja mama jirani. Mumewe yuko Ohio, viza za familia zimetoka, na binti yao wa miaka 13 ndiyo kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki iliyolika pembeni, na ripoti za shule ya msingi zimefungwa kwa raba. Hata kahawa haijapoa akaniuliza swali ambalo kule Marekani napigiwa nalo simu mara kwa mara: "Kaka, eti serikali ya kule inatoa pesa za kumfundisha mtoto Kiingereza. Tunaziombaje?"

Haziombwi. Pesa hizo zinakwenda shuleni, hazipiti mkononi mwa mzazi wala kwenye akaunti yake. Ukiona mtu kwenye kundi la WhatsApp anajitolea kukufuatilia "fungu la mtoto" kwa dola hamsini tu, ujue hizo hamsini ndizo anazozifuatilia. Mkono wa mzazi unahitajika sehemu moja ndogo, siku ya kuandikisha mtoto, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu.

Siku hiyo utapewa rundo la karatasi. Mojawapo inauliza habari za lugha: mtoto alianza kusema lugha gani, sasa anatumia ipi zaidi, na watu wazima wa nyumba hiyo wanazungumza nini. Ukitaja lugha nyingine yoyote isiyokuwa Kiingereza, shule inapaswa kumpima mtoto ijue Kiingereza chake kimefikia wapi. Ukijaza "English" mistari yote, mara nyingi hakuna atakayehangaika kumpima. Anaingia darasani kama mzaliwa wa palepale, na katika hesabu ya wanaostahili msaada hayumo.

Mimi niliandika "English". Karani alikuwa ananisubiri, nyuma yangu kuna foleni, nikaona kuandika Kiswahili ni sawa na kumtangaza mwanangu kuwa hajui kitu. Tena alikuwa ameshasoma "medium" miaka miwili kabla hatujasafiri, nikajiambia atajikongoja. Miezi mitano mwalimu akawa ananiandikia kwamba mtoto ni mpole mno, hashiriki, pengine ana tatizo la kujifunza. Jioni moja nikatoa karatasi ya hesabu kwenye begi lake. Sehemu zile za kujumlisha, juu ya ukurasa, kapata zote. Chini palikuwa na mafumbo manne, yote hayajaguswa. Nikamsomea moja kwa Kiswahili. "Aa, kumbe ndiyo hilo!" Akatafuta asili ya pamoja, akajumlisha viasi, akamaliza kabla sijavuta kiti. Wahenga walisema mficha uchi hazai; mimi nilikuwa nimeuficha wa mwanangu.

Kama nawe umeshakosea, linarekebishika. Niliandika barua ya mistari minne kwa mkuu wa shule: fomu niliijaza vibaya, nyumbani tunazungumza Kiswahili, naomba mtoto apimwe. Nikaweka tarehe, nikabaki na nakala. Yawe maandishi, barua au baruapepe, maana maneno ya mdomo pale ofisini hayana shahidi.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, kwa sababu watu wanadhani ni mlima. Fungu la serikali kuu ya Washington kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza linaitwa Title III, na kwa sasa limo ndani ya sheria ya elimu ya mwaka 2015. Katika miaka ya karibuni limekuwa kama dola milioni 890 kwa mwaka. Inasikika nyingi, lakini wanafunzi wenyewe ni kama milioni 5. Gawanya: haifiki dola 200 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Washington inazigawa kwa majimbo kufuata idadi ya watoto, jimbo nalo linazipeleka kwenye wilaya za shule. Wilaya ambayo mgawo wake haufiki dola 10,000 haipewi peke yake, inabidi ijiunge na wenzake. Na pesa hizo ni za kuongezea. Haziruhusiwi kuchukua nafasi ya zile ambazo jimbo na wilaya zilipaswa kutoa. Mishahara ya walimu wa ESL, yaani wanaofundisha Kiingereza kama lugha ya pili, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mfuko wa jimbo na kodi za hapohapo mtaani. Ndiyo maana mji mmoja una walimu watano, na mji wa pili, mwendo wa nusu saa kwa gari, una mmoja anayezungukia shule tatu kama daladala. Kama bado unachagua pa kupanga nyumba, hilo liulizie kabla hujaweka saini.

Ipo pia sehemu ya fungu hilo inayowahusu watoto wa miaka 3 hadi 21 waliozaliwa nje ya Marekani na ambao hawajamaliza miaka mitatu kamili katika shule za huko. Mkiulizwa mtoto kazaliwa nchi gani na ameanza lini shule ya Marekani, kwa kawaida hesabu inayotafutwa ni hiyo. Nawajua watu waliotoka mbio na fomu wakidhani ni mtego wa uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya makaratasi yake ya ukaazi. Shule itataka umri wa mtoto, mahali mnapoishi na chanjo. Viza haiwahusu.

Lakini msingi wa yote haya ni haki, na haki ilitangulia fungu hili kwa miaka mingi. Mwaka 1974 mahakama hiyohiyo ilisikiliza kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Huko San Francisco watoto wapatao 1,800 wenye asili ya Kichina walikuwa wanakaa darasani bila kuelewa na bila msaada wowote wa lugha. Wilaya ilijitetea kwamba wanapewa walimu walewale na vitabu vilevile kama wenzao. Mahakama ikakataa: mtoto asiyeielewa lugha ya darasani amefungiwa nje ya elimu hata kama kakaa kiti cha mbele. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria inayozitaka shule kuchukua hatua za kumvusha mtoto kikwazo cha lugha. Kwa hiyo mkuu wa shule akikwambia "bajeti mwaka huu hakuna", mpe pole, kisha mwambie wajibu wake uko palepale. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi hivi karibuni. Julai 2025 serikali kuu ilizuia pesa hizi pamoja na mafungu mengine ya elimu kwa wiki kadhaa kabla ya kuziachia, na katika mapendekezo ya bajeti ya mwaka 2026 ilitaka Title III ifutwe kabisa. Fungu linaweza kupanda na kushuka. Kesi ya Lau haikuandikwa kwenye bajeti ya mtu.

Mtoto akishapimwa na kuonekana anahitaji msaada, shule lazima ikuandikie ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule kuanza; akiingia katikati ya mwaka, ndani ya wiki mbili tangu apangiwe programu. Barua itaeleza kiwango chake na jinsi atakavyofundishwa, na unayo haki ya kukataa programu hiyo. Nakuomba usikimbilie kukataa. Nenda kaulize: atafundishwa dakika ngapi kwa wiki, na nani, na akitolewa darasani anakosa somo gani? Mwanangu alikuwa anatolewa wakati wa sayansi, somo pekee alilolipenda. Niliposema, ratiba ilibadilishwa. Wala halikuwa jambo la kugombana.

Kila mwaka atafanya mtihani wa Kiingereza hadi afuzu. Majimbo mengi hutumia ule wa WIDA, wenye alama za 1 mpaka 6 katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Hapa wazazi wa kwetu tunadanganyika. Mtoto anarudi nyumbani anabana pua kama mtangazaji wa CNN, sisi tunasema ameiva. Ripoti inakuja: kuzungumza 5, kuandika 2. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alilieleza hili tangu miaka ya 1970: Kiingereza cha kuchezea mpira mtoto hukipata kwa muda wa kama miaka miwili, cha kusomea historia na kemia humchukua mitano hadi saba. Usimtoe kwenye programu kwa sababu ya lafudhi.

Wala usimkatie Kiswahili nyumbani ili "awahi". Binti wa jirani yetu amemaliza darasa la saba. Usanisinuru anaujua, mzunguko wa damu anaujua, asili na kiasi anavijua. Akifika kule anahitaji majina mapya ya vitu ambavyo tayari anavyo kichwani. Anayefutiwa lugha ya kwanza kabla ya ya pili kukomaa anaanza kuvijenga vyote upya.

Mkiitwa kwenye kikao, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Shule inatakiwa kukupa bila malipo, na mtoto wako asigeuzwe mkalimani wa kikao kinachomzungumzia yeye mwenyewe. Mara nyingi atakayekuja ni ndugu yetu kutoka Kongo, na Kiswahili chake kitakuacha kidogo kwenye kona. Mwambie arudie taratibu, mtaelewana. Kikao kikianza kuelekea kwenye "ulemavu wa kujifunza", uliza kama mtoto amepimwa kwa lugha anayoielewa. Kutojua Kiingereza si ulemavu. Na mwenye tatizo la kweli anastahili huduma zote mbili kwa pamoja.

Kwa aliye Uingereza niseme machache tu. Kule England mgao wa shule una kipengele cha wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na mtoto huhesabiwa hadi miaka mitatu tangu aingie kwenye mfumo wao. Wa sekondari huiletea shule yake pesa nyingi kuliko wa msingi. Lakini pesa hizo hazina kufuli, mkuu wa shule anaziingiza popote anapoona pana haja, kwa hiyo kuuliza "mwanangu anapata nini hasa" ni juu yako. Na hesabu yenyewe inaanzia palepale, kwenye lugha ya kwanza uliyoitaja wakati wa kumwandikisha.

Jirani yetu nilimwambia asiondoke Tanga bila ripoti za kila muhula zenye muhuri wa shule, hata zile za kidato cha kwanza alichokianza. Mtoto wa sekondari kule anahitimu kwa kukusanya masomo aliyofaulu, na kinachoweza kuthibitishwa kwa karatasi hakirudiwi bure. Kadi ya kliniki aipige picha leo, kabla haijalika zaidi. Na Kiswahili cha binti kina thamani huko mbele: karibu majimbo yote yanatoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kumaliza sekondari, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011, na Kiswahili kina mitihani yake.

Nikachukua karatasi ya daftari, nikachora ile fomu, nikampa kalamu binti mwenyewe ajaze. Mstari wa kwanza: Kiswahili. Wa pili: Kiswahili. Wa tatu akasita, akamtazama bibi yake aliyekuwa kimya muda wote kwenye mkeka.

"Bibi huwa anasema nami Kidigo. Niandike?"

"Kiandike," nikamwambia. "Weka Kiswahili, kisha na Kidigo. Fomu inauliza kinachozungumzwa nyumbani kwenu."

Bibi akavuta mtandio. "Na waandike vizuri, wasije wakasema Kigogo."