SOMO: Tengeneza somo la dakika tatu kwa simu yako, na libebe jina lako

Walimu wenzangu, habari za kazi. Somo hili ni la mwalimu mwenye simu moja, bando dogo, na wanafunzi ambao nyumbani kwao simu ya kuonyesha video ni moja tu, nayo ni ya baba. Tutatengeneza kitu kimoja mpaka kiishe: video fupi ya hisabati, kulinganisha sehemu, kwa darasa la nne au la tano. Humo humo tutashughulikia jambo ambalo wengi hulisahau, yaani jina. Kazi nzuri za walimu zinazunguka kwenye magrupu bila kujulikana ni za nani, na mwenyewe yuko pembeni anajaza wasifu wake wa kazi kwa orodha ya semina alizokaa.

Hatua ya 1: Anza na kosa, mada iache

"Sehemu" ni mada ya wiki nyingi na haiwezi kuingia kwenye video moja. Chukua kosa unalolisahihisha kwenye madaftari kila mara. Letu ni hili: mtoto anaandika kwamba 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Mtoto huyo si mvivu. Anatumia kanuni ya namba nzima, na kanuni hiyo haijawahi kumwangusha tangu darasa la kwanza. Andika kosa hilo kwa sentensi moja, libandike mbele yako, na kila usichoweza kukiunganisha na sentensi hiyo kitoe, hata kama umekipenda.

Hatua ya 2: Tazama kilichopo

Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa sayansi na hisabati kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanza mwaka 2002, wenye majaribio ya kuigiza unayoweza kuyapakua na kuyatumia bila intaneti, mengine tayari yako kwa Kiswahili. Kwa walimu wa kusoma na kuandika, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusu kubadilishwa. Ukikuta kitu kinachotibu kosa lako, kitumie na umtaje aliyekitengeneza. Hakuna anayekupa alama kwa kurudia kazi iliyokwisha fanyika.

Hatua ya 3: Vifaa

Kata kanda tatu za karatasi, kila moja sm 24. Namba hiyo ina sababu: 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12, kwa hiyo theluthi itakuwa sm 8 kamili na robo sm 6 kamili. Duara la chapati linapendwa sana kwenye somo hili, lakini jaribu kukata chapati vipande vitatu sawa mbele ya kamera uone. Vikitofautiana kidogo tu, mtoto ataanza kubishana na kipande badala ya kuelewa sehemu.

Simu iweke juu ya rundo la vitabu, kamera ikitazama chini mezani. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, kivuli cha mkono kisifunike karatasi. Simu zisiingie katikati ya kurekodi, kwa hiyo zima mtandao.

Hatua ya 4: Maneno

Andika utakachosema, neno kwa neno, kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Dakika tatu ni fupi kuliko unavyodhani na salamu ndefu inazimaliza. Ingia moja kwa moja: "Juma amepewa theluthi ya ukanda huu, Asha amepewa robo. Nani ana kikubwa?" Kisha nyamaza kidogo. Kimya hicho ni sehemu ya somo.

Usiandike kwenye skrini sentensi ile ile unayoisoma kwa sauti. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi: picha na sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha, sauti, na maandishi yanayorudia sauti. Jicho linaacha ukanda linakwenda kusoma. Kwenye skrini weka 1/3, 1/4 na vipimo, basi. Muziki wa nyuma uache pia. Unamchosha msikilizaji, na wimbo wa mtu mwingine unaweza kufanya video yako iondolewe mtandaoni.

Hatua ya 5: Uzito wa faili

Video ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula karibu MB 3.75 kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu ni MB 11 hivi. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni KB 240 kwa dakika, dakika tatu hazifiki hata MB 1. Tengeneza zote mbili, video na sauti. Mzazi mwenye bando la mwisho wa mwezi atachukua sauti na picha moja ya kanda, na mtoto atajifunza vilevile.

Hatua ya 6: Maswali, na hapa ndipo kazi ilipo

Wengi wanaishia kwenye video. Mimi nasema video bila maswali ni tangazo. Weka maswali matatu, na kila jibu lisilo sahihi liwe limechaguliwa kwa sababu.

La kwanza: kati ya 1/5 na 1/8, ipi kubwa? Anayesema 1/8 bado anatazama asili (namba ya chini) kama namba nzima, mrudishe kwenye ukanda.

La pili: kati ya 3/5 na 3/8? Linapima kama ameelewa au amekariri "moja juu ya".

La tatu ndilo lenye thamani: kati ya 2/3 na 3/4? Mtoto aliyetoka kwenye video yako na kanuni "asili ikiwa ndogo, sehemu ni kubwa" atachagua 2/3 kwa furaha zote. Kwenye ukanda 2/3 ni sm 16 na 3/4 ni sm 18. Yaani somo lako limetibu kosa moja na likaacha mlango wazi kwa jingine. Ndiyo maana kanuni hiyo haitoshi kusemwa bila kuongeza "kiasi, yaani namba ya juu, kikiwa sawa". Mwalimu anayeweka swali la namna hii anaonekana mara moja kwamba amewahi kusahihisha madaftari ya watoto halisi.

Chini ya kila jibu la makosa andika mstari mmoja: nini kilimpeleka huko na atazame wapi. "Si sahihi, jaribu tena" haimfundishi mtu.

Hatua ya 7: Jina, toleo, leseni

Kwenye picha ya mwisho weka jina lako, somo na darasa, mwezi na mwaka, namba ya toleo, na leseni. Jina liandikwe namna moja kila mahali, kama lilivyo kwenye rekodi zako za kazi. Ukiwa "Tr. Machachari" huku na jina la cheti kule, siku mtu akikutafuta atawapata watu wawili, na wote ni nusu.

Leseni za Creative Commons zimekuwepo tangu 2002 na hazina malipo. CC BY inamruhusu mtu kutumia, kunakili na kubadilisha mradi akutaje. Ukiongeza SA, atakayebadilisha naye atoe kazi yake kwa masharti hayo hayo. NC inazuia matumizi ya kibiashara. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kwa somo la shule hiyo siipendekezi, maana mwenzako wa Bujumbura hataweza hata kusambaza tafsiri ya Kirundi. Kumbuka ukishatoa leseni huwezi kuinyang'anya kwa walioipata, basi fikiri kwanza.

Hatua ya 8: Jalada lako

Fungua folda moja. Kwa kila somo weka faili lenyewe na ukurasa mmoja wa maelezo: kosa gani ulilitibu, wanafunzi walijibu nini, ulibadilisha nini toleo la pili. Hilo la mwisho ndilo linalokutambulisha kitaaluma. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, jalada linabaki. Na maelezo yako mafupi kokote uliko yaseme unachofanya: "Natengeneza masomo mafupi ya sehemu na desimali, darasa la nne hadi la sita." Mstari huo unanieleza mengi kuliko "mbunifu, mhamasishaji, mpenda mabadiliko".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Hapa wazazi wengi wana viswaswadu, simu ndogo za vitufe. Nifanye nini?

*Marahaba.* Chukua maneno ya hatua ya 4, yasome darasani, na kanda watengeneze watoto wenyewe kwa rula. Maswali matatu waandike daftarini. Somo lililopangwa vizuri haliharibiki likitoka kwenye skrini. Hicho ndicho kipimo changu: likishindwa kwenye karatasi, simu haitaliokoa.

Mwalimu wa Kilifi: Nikirekodi wanafunzi wangu wakijibu, si itapendeza zaidi?

Itapendeza, ila rekodi mikono na kanda, nyuso ziache. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata bila sheria, mtoto aliyekosea hesabu ana miaka tisa leo na video itabaki akiwa na thelathini.

Mwanachuo wa ualimu, Morogoro: Mimi sijaajiriwa bado. Nina haki ya kujiita mtaalamu?

Usijiite chochote, weka kazi. Mafunzo kwa vitendo yanakupa darasa halisi: chagua kosa moja kwa kila kituo ulichopangiwa, tengeneza somo moja, andika ukurasa wake. Utakapokwenda kwenye usaili utakuwa na cha kuwafungulia mezani.

Mwalimu wa shule binafsi, Dar es Salaam: Shule inasema kila ninachotengeneza ni chake. Je, naweza kuweka CC BY?

Soma mkataba wako kabla ya kuweka leseni yoyote. Kazi iliyofanyika kama sehemu ya ajira inaweza kuwa mali ya mwajiri, na huwezi kugawa haki usiyo nayo. Omba ruhusa kwa maandishi, na omba angalau jina lako libaki kwenye somo. Wakuu wengi wa shule wakielezwa kwamba jina la shule nalo litakuwepo, hukubali.

Mwalimu wa Tabora: Mwenzangu alichukua video yangu, akakata jina, akaipeleka kwenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kama yake. Inauma.

Pole sana. Mpigie kwanza wewe na yeye, bila grupu, umwombe arudishe picha ya mwisho. Kisha peleka toleo la pili kwenye jumuiya yako ya ujifunzaji, na uwaonyeshe lile swali la 2/3 na 3/4 pamoja na majibu ya watoto wako. Faili anaweza kulikata. Kueleza kwa nini swali la tatu lipo pale, hilo itabidi aje akuulize.

Mwalimu wa Kilifi tena: Video nikiituma kwa WhatsApp inakuwa na ukungu, namba hazisomeki.

Itume kama faili la hati badala ya video, haitabanwa. Na andika namba kwa peni nene, kubwa kama kidole gumba.