Mkono unauma? Anzia kukagua shingo

Mkono ukiuma, usikimbilie kuuchua kabla hujajua chanzo. Geuza shingo taratibu: maumivu yakishuka hadi chini ya kiwiko, pamoja na ganzi au vidole kuchomachoma, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Yakikushika unapoinua mkono kando tu, shuku kano za bega (nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa). Hapa wengi hukosea (nami nimo): wanaufunga mkono usitikisike wiki nzima, bega linakakamaa. Upumzishe siku mbili tatu, kisha inama kidogo, uache uning'inie na uuyumbishe polepole mbele na nyuma. Simu nayo iinue usawa wa macho, shingo isiiname. Mkono ukiishiwa nguvu, au maumivu yakija na kifua kubana, nenda hospitali mara moja.