Dereva wako kaamka saa ngapi? Ninavyopanga safari za malori Arusha–Dar

Wakuu habari, nasimamia malori hapa Arusha, mizigo mingi ni ya Dar. Kwenye uchovu wa dereva wengi tunahesabu masaa ya usukani tu na hapo ndo tunapopigwa.

Hatua ya 1: hesabu toka alipoamka. Dereva kaamka saa kumi na moja alfajiri, kaja yadi, foleni ya kupakia, turubai linafungwa saa kumi na mbili jioni. Usukani kagusa dakika kumi, ila macho yako wazi masaa 13! Ukimwambia haya nyanyuka, saa nne usiku yuko Same, na mtu aliyekaa macho masaa 17 umakini wake umeshapimwa, unashuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi nimeweka mtu wa yadi, yeye ndo anapanga foleni, dereva wa safari analala kwake anakuja kukabidhiwa gari limeshafungwa. Bosi alilia gharama, nikamuuliza tela jipya bei gani.

Hatua ya 2: ondoka saa kumi na moja alfajiri, saa nane mchana uwe umepaki Segera umeshakula. Usingizi una masaa yake, saa nane usiku mpaka alfajiri, halafu tena mchana baada ya msosi, na lile joto la kuanzia Same kushuka Hedaru mnalijua wenyewe.

Hatua ya 3: mapumziko. Ulaya sheria yao ni masaa manne na nusu halafu dakika 45, mi nimeweka manne. Kahawa anywe KABLA ya kulala dakika 20, maana inachukua kama nusu saa kufanya kazi, akiamka inamkuta. Mirungi sitaki kusikia.

Hatua ya 4: utingo. Usimpigie dereva akiwa barabarani, ongea na utingo. Kuna mzee wangu mmoja akishusha kioo na kuanza mapambio kwa sauti ujue kaisha, utingo wake anamwambia mzee tuchimbe dawa, wanapaki. Kwa spidi 80 akisinzia sekunde nne tu gari limeenda karibu mita 90 lenyewe.

Hatua ya 5, hii ndo ngumu: posho. Ukilipa kwa tripu pekee atakuficha uchovu, na mimi ningeficha. Hela ya kulala njiani iwe pembeni, haikatwi. Akituma meseji "nimechoka nimepaki Mombo" najibu "sawa lala", mteja nampigia mimi.