Mbizi ya Pili: Jedwali Laaminika kwa Kiasi Gani?

Jedwali la kupiga mbizi halijui mwili wako. Linajua kina ulichofika, dakika ulizokaa na muda uliopumzika juu ya maji, basi. Ukikosea namba za mbizi ya kwanza, kosa linaingia nawe kwenye ya pili.

Chukua jedwali la zamani la Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililotumika kabla ya 2008. Umekaa mita 18 kwa dakika 30: unatoka na herufi F, inayoonyesha kiasi cha naitrojeni kilichobaki mwilini. Ukipumzika saa moja na nusu, F inashuka hadi D. Ukirudi mita 18, D inakukata dakika 24, kana kwamba ulishakaa huko muda huo, kwa sababu ya naitrojeni iliyobaki mwilini. Kikomo cha kukaa huko bila kulazimika kusimama njiani ukipanda ni dakika 60, hivyo umebakiwa na 36. Ukisahau kujumlisha ukakaa 40, jumla ni 64, na tayari unadaiwa kusimama dakika 2 kwenye mita 3. Tena, ungeingia majini dakika moja tu mapema, ungekuwa bado E, na makato yangekuwa dakika 30.

Kwa hiyo andika saa ya kutoka majini pale pale, usikadirie baadaye. Muda wa chini huanza unapoacha uso wa maji na kuisha unapoanza kupanda. Kina chukua kile kirefu kabisa ulichogusa, hata kwa sekunde chache. Namba isiyo kwenye jedwali, nenda inayofuata juu: mita 16 isome 18. Kama maji ni baridi au ulipambana na mkondo, soma safu ya kina kinachofuata.

Usichanganye majedwali. Lile la Wanamaji huhesabu mapumziko kana kwamba naitrojeni hupungua nusu kila dakika 120. La PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, la 1988 hutumia dakika 60. D ya huku si D ya kule.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mapumziko yenyewe. Hesabu hudhani gesi yote imeyeyuka, ilhali baada ya mbizi mara nyingi kuna viputo vidogo kwenye vena hata kwa mtu asiye na dalili yoyote, na gesi iliyonaswa humo hutoka polepole. Ndiyo maana tunashauri mapumziko ya saa moja au zaidi hata jedwali likiruhusu pungufu, kupanda kwa mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Baada ya mbizi kadhaa, usipande ndege kabla ya kupita saa 18.

Mtu akiumwa viungo au akipata ganzi baada ya mbizi, usibishane naye kwamba alikuwa ndani ya kikomo. Mpe oksijeni ya asilimia 100, apelekwe hospitali, na asirudishwe majini.